Nafasi ya Mtunzi

Fomu ilikuwa na mistari mitano.
Jina la wimbo. Kabila. Kijiji: Ipole.
Huimbwa wakati gani? Hapo wanawake walicheka,
wakaonyesha viganja vyeusi vya utomvu,
ikaandikwa: wakati wa kufunga tumbaku.
Mstari wa tano: Mtunzi.

Msabila, Afisa Utamaduni, kalamu hewani,
kinasa sauti kimelazwa juu ya gunia kama mgonjwa.
"Andika wazee," akasema Nyanzala.
"Andika sisi," akadakia mwingine kutoka bani.
Msabila akaandika: Asili.
Kwa wino. Akapuliza ukauke.

Mama yangu alikuwa anachambua majani.
Hakuinua uso.

Mimi nilikuwepo.
Ubeti ule wa mwisho, unaoitikiwa kwa kishindo,
sikuupokea kwa wazee; niliuona ukizaliwa
jikoni kwetu, mwaka ambao malipo yalichelewa
hadi tukapanda tena kwa deni.
Mama Kalunde, debe tupu katikati ya magoti,
anagonga kwa vidole viwili,
anasema neno, analitema,
anasema jingine, anakaa nalo kidogo,
nalo analitema.
Mlenda ukaungua. Tulikula ugali kwa chumvi
ili mstari mmoja upate kusimama:

    Mizani ina jicho moja,
    nalo limelala.

Kwa Kinyamwezi ni mfupi zaidi,
una mlio wa kitu kinachoanguka kwenye maji.
Hapa naubeba kwa koleo.

Asubuhi akaupenyeza ndani ya wimbo wa zamani
kama mama anayemwingiza mwanawe
kwenye foleni ya chanjo.
Wenzake wakasita pigo moja.
Pigo moja tu, kisha wakaitikia,
na kufikia jioni
hakuna aliyekumbuka kwamba asubuhi haukuwepo.

Usiku wa ile fomu nilimuuliza:
Kwa nini hukusema?
"Niseme nini? Kiitikio nilitunga mimi?
Mwendo je? Nimeikuta nyumba imesimama,
nikatoboa dirisha."
Akanyamaza, akafunika moto majivu.
Kisha, kama mtu anayekohoa:
"Lakini dirisha nilitoboa mimi."

Miaka tisa baadaye, Ndala, harusi ya binamu.
Nyuma ya nyumba wanapepeta mchele,
na wimbo ni wetu, umevaa nguo za huko,
umeongezwa mwendo, umepunguzwa machozi.
Mama akaacha soda yake. Akasogea.
Ukafika ubeti wake:

    Mizani ina jicho moja,
    nalo lajifanya limelala.

Nilitaka kugombana na mtu.
Nani kaugusa? Nani kawapa ruhusa?
Msichana mmoja, pumba hadi kwenye kope,
akanitazama kwa huruma:
"Huu ni wa wazee, dada. Huwa unaimbwa hivi hivi."

Mama hakusema kitu mpaka tulipolala.
Nikasikia vidole viwili kwenye ubao wa kitanda.
Lajifanya. La-ji-fa-nya.
Alikuwa anatafuta kasoro.
Akageuka upande wa ukuta, akageuka tena.
"Lajifanya," akasema gizani, kwa hasira kabisa.
"Mimi nilikuwa pale, mbele ya mizani,
naitazama sindano kama ninavyokutazama wewe.
Nilikosaje kuliona?"

Nikawaza hao wazee tunaowaandika kwa wino:
kumbe huenda kati yao yumo mtu wa Ndala,
yuko hai, ana pumba kwenye kope,
ana chungu chake kilichoungua,
na hajui kwamba mama yangu yupo.
Sikumwambia mama. Angeniambia nilale.

Msimu uliofuata, Ipole, bani lile lile,
moshi ule ule ukitafuta macho.
Wimbo ukaanza kama unavyoanza.
Ulipofika kwenye jicho
mama akaliimba neno la mtu asiyemjua,
kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake.

Wenzake wakasita.
Nilihesabu.
Pigo moja.